Maziko ya Saa Nne

Jumatano alasiri Alonzo Pettiford alisimama kwenye baraza ya Mzee Hosea Bullock akiwa na pai ya viazi vitamu mkononi na uongo kichwani. Pai ilikuwa imeokwa na mkewe, Verdell, kwa ajili ya msiba. Uongo alikuwa ameutunga mwenyewe njiani, kati ya kituo cha mafuta na daraja la reli.

Mke wa Mzee Bullock, Mama Idabelle, alikuwa amefariki Jumatatu. Kwa miaka arobaini alisimama mlangoni pa Kanisa la Baptisti la Bethabara akiwa na glavu nyeupe, akiwaonyesha watu pa kukaa. Maziko yake yalipangwa Jumamosi saa saba mchana. Jumamosi hiyohiyo, saa hiyohiyo, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Tillery ilikuwa inacheza fainali ya ligi yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na moja, katika mji ulio mwendo wa saa moja na robo kwa gari. Alonzo ndiye mpiga kinanda wa Bethabara. Tiketi ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake.

"Ingia, Lonzo. Mbona umesimama hapo kama mdai kodi?" Mzee Bullock alisema. Alimpeleka jikoni, akasogeza mabakuli ya kuku na makaroni ili pai ipate nafasi. "Ona chakula hiki. Idabelle angecheka. Nilipokuwa naye hakuna aliyeniletea hata yai."

Alonzo hakukaa. "Mzee, nina jambo. Naona hata aibu kulisema."

"Sema tu."

"Jumamosi nina kipimo cha moyo. Saa saba, hospitali ya kule mjini. Nimekingoja miezi minne. Nikikikosa wananirudisha mwisho wa foleni."

Mzee alimtazama kifuani kama anayetafuta kitu. "Moyo? Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

"Verdell anajua?"

"Hajui. Tafadhali usimwambie, atakosa usingizi. Nilikuwa nafikiri, yule kijana wa kanisa la Shilo anaweza kupiga kinanda badala yangu. Anapiga vizuri."

Hilo ndilo alilokuwa amekuja kuomba, na halikuwa ombi kubwa. Lakini mzee alitikisa kichwa, akafungua droo ya meza, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa Mama Idabelle. Alikuwa ameagiza gauni la rangi ya maziwa, jeneza lisilo la gharama, na kwamba hotuba zisiwe ndefu. Mstari wa mwisho ulisema: *Kinanda apige Lonzo, asipige mwingine.*

"Unaona? Mimi nitambishia vipi?" Mzee alisema. "Tutaanza saa nne asubuhi. Ukitoka hapo utawahi hospitali bila haraka."

"Mzee, msibadilishe kila kitu kwa ajili yangu."

"Moyo si wa kuchezea. Kinachonipa shida ni Clifton tu." Clifton alikuwa mwanawe wa pekee, dereva wa lori la masafa. Mzee alibonyeza simu na kuiweka mezani ili wote wasikie. Mlio wa injini ulitangulia, kisha sauti ya mtu mzima aliyechoka. Alikuwa anashusha mzigo Minesota, akasema, na kwa hesabu yake angefika Jumamosi kwenye saa sita.

"Saa nne hutaweza?" baba yake aliuliza.

"Kwa nini saa nne?"

Mzee akamweleza.

"Baba, watu wanakufa kwa kungoja vipimo," Clifton alisema. "Anzeni saa nne. Mnajua ibada za Bethabara, mpaka saa sita mtakuwa bado mnaimba. Nitakanyaga mafuta. Mwambie Bwana Pettiford nampa pole."

"Yuko hapa, anakusikia."

"Pole sana, Bwana Pettiford."

"Asante, Clifton," Alonzo alisema. Baadaye alijaribu kukumbuka kama kulikuwa na nafasi ya kusema neno jingine. Ilikuwapo. Mzee hata alikuwa amempa kisogo, akimtafutia karatasi ya kufungia kipande cha keki cha kwenda nacho.

Nyumbani alimwambia Verdell kwamba wafiwa wamesogeza saa.

"Wenyewe?" Verdell aliuliza.

"Wenyewe."

"Basi Mungu anawapenda Tillery kuliko nilivyodhani," alisema, akaendelea kupiga pasi joho lake la kwaya.

* * *

Jumamosi kanisa lilijaa. Alonzo alivaa suti yake nyeusi na, chini yake, soksi za zambarau za Tillery. Alikuwa ameegesha gari likitazama barabarani.

Kwa kawaida maziko ya Bethabara hayakimbizwi. Watu hupita mbele ya jeneza mmoja mmoja, na kinanda huwasubiri hata bibi wa mkongojo. Siku hiyo kinanda hakikusubiri mtu. Wimbo wa kuingia ulipigwa kwa mwendo ambao wabeba jeneza walijikuta wakiukimbilia. Wimbo wa kwaya wa beti nne, Alonzo aliukata baada ya beti mbili. Verdell, aliyesimama safu ya pili ya sauti ya chini, alikuwa tayari amevuta pumzi ya kuanza ubeti wa tatu. Aliishusha pole pole na kumtazama mumewe, naye akatazama vitufe.

Mchungaji Renfrow aliombea familia. Kisha akasema, "Na tumkumbuke ndugu yetu Lonzo, ambaye leo, akitoka hapa, anakwenda kupimwa moyo. Ni kwa ajili yake tumekutana mapema. Bwana auguse moyo wake."

"Amina," kanisa lilisema. Mama mmoja wa safu za mbele aliinua kiganja kumwelekea. Verdell hakusema amina. Joho lilimkaa mwilini kama si lake.

Saa tano na dakika tano msimamizi wa mazishi alimwinamia Mzee Bullock. Walio karibu walisikia. Clifton amepiga simu, amebakisha dakika arobaini hivi. Je, wasubiri? Mzee aligeuka akamtazama Alonzo pale kwenye kinanda, akatazama saa ya ukutani.

"Lonzo ana miadi yake," alisema. "Tuendelee tu. Clifton mwenyewe aliridhia."

Alonzo alisikia. Alikuwa hatua sita tu kutoka pale. Aliweka mikono kwenye vitufe, akaanza wimbo wa kumtoa marehemu.

* * *

Clifton aliegesha lori lake kando ya makaburi saa sita kasoro dakika kumi. Watu walikuwa wameshaondoka. Vibarua wawili wa makaburi walikuwa wakikunja zulia la nyasi bandia, na udongo ulikuwa umesawazishwa. Mmoja alizima sigara alipomwona, wa pili alivua kofia. Clifton aliwauliza kama kweli ni huyu, Idabelle Bullock, wakasema ndiye. Alisimama pale muda, kisha akaenda kanisani na matope yake viatuni.

Chakula cha matanga kiliandaliwa kwenye ukumbi wa chini. Verdell alikuwa akigawa sukuma wiki iliyopikwa na nyama, na kila aliyefika na sahani alimuuliza habari za moyo.

"Daktari anasemaje, dada?"

"Tunangoja majibu," Verdell alijibu. Alilisema hilo mara saba au nane. Mara ya kwanza ulimi ulimkwama, baadaye ukazoea.

Televisheni ya ukutani ilikuwa imewashwa bila sauti, kwa kuwa nusu ya ukumbi walikuwa watu wa Tillery na hakuna aliyeona dhambi kutupia jicho. Clifton alikaa na baba yake. Alikuwa amewekewa kuku, hakumgusa. Kipindi cha pili kilipobakisha dakika chache, Tillery ikasawazisha, na kamera ikaenda kwa mashabiki.

Kwenye kioo akaonekana mzee mwenye suti nyeusi, kofia ya zambarau kichwani, mikono juu, anacheza. Alikuwa anacheza vizuri. Kamera ilimpenda, ikamsogelea. Kwenye mfuko wa kifua cha suti ulichomoza ukurasa wa ratiba ya maziko, na juu yake nusu ya uso wa Mama Idabelle, akitabasamu na kofia yake ya Pasaka.

"Huyo si Lonzo?" Shangazi Odessa aliuliza kwa sauti. Alikuwa na miaka tisini na hakuwahi kuuliza kwa sauti ndogo.

Vijiko vilitulia. Shemasi mmoja alikimbilia kuzima televisheni, hakuiona rimoti, akachomoa waya ukutani. Lakini walikuwa wameona. Wakamgeukia Verdell, aliyekuwa na upawa mkononi.

"Dada Verdell," alisema mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye mstari, "si umeniambia sasa hivi mnangoja majibu?"

Verdell aliweka upawa chini, akafungua aproni. Alipita katikati ya meza mpaka kwa Mzee Bullock.

"Mzee, sikujua mpaka Mchungaji alipoomba," alisema. "Lakini tangu hapo nilijua, na nimekaa nawadanganya watu."

Mzee alikuwa bado anatazama kioo kilichozimwa. Clifton ndiye aliyesema, polepole, "Nilimpa pole."

* * *

Tillery ilishinda kwa pointi mbili. Alonzo aliwakumbatia watu asiowajua. Wakati wa ujana alikuwa amepiga tarumbeta katika bendi ya chuo hicho kwa mihula mitatu, kabla baba yake hajafa na yeye kurudi kufanya kazi karakana ya mabasi ya shule. Miaka yote tangu hapo alikuwa akizijua timu zao kwa majina na namba, hata zile mbovu ambazo wazazi wa wachezaji wenyewe walikuwa wamezisahau. Alilia pale kwenye kiti chake, na kilio kilikuwa cha kweli.

Kwenye maegesho aliwasha simu. Kulikuwa na simu kumi na nne alizokosa, na ujumbe mmoja wa Verdell: *Tumekuona wote.*

Nyumbani alimkuta sebuleni, amekaa bila kuvua koti lake.

"Nilitaka kuomba ruhusa tu," Alonzo alianza. "Mzee ndiye aliyesogeza saa, haki ya Mungu. Mimi nilisema yule kijana wa Shilo..."

"Kwa hiyo kosa ni la mzee."

"Sijasema hivyo."

"Umesema moyo, Alonzo. Baba yangu alikufa kwa moyo. Ungesema jino!"

Alonzo aliivua kofia ya zambarau.

"Clifton alifika saa sita kasoro kumi," Verdell aliendelea. "Ungepiga beti zote, ungewaacha watu wamuage yule mama kwa miguu yao, angekuta jeneza bado liko ndani. Nilihesabu jikoni wakati naosha masufuria. Zingebaki hata dakika za kukaa."

"Nani amehesabu zaidi yako?"

"Hilo ndilo unalouliza?"

Verdell alikwenda kulala chumba cha binti yao aliyeolewa. Jumapili Mchungaji Renfrow alipiga simu mapema na kusema, kwa upole wa mtu aliyeandika maneno kwenye karatasi, kwamba ingekuwa vyema Kaka Lonzo apumzike kwa sasa. Yule kijana wa Shilo angekuja. Verdell alikwenda peke yake. Kwenye safu ya sauti ya chini, dada aliyezoea kushika nusu ya kitabu chake cha nyimbo alikuwa amekuja na kitabu chake mwenyewe. Kazini Jumatatu, mafundi walimbandikia Alonzo kwenye kabati picha ya moyo iliyokatwa kwenye boksi la chokoleti. Aliibandua, akaitia mfukoni, kwa sababu pipa la taka lilikuwa mbali na walikuwa wanamtazama.

* * *

Jumanne alikwenda kwa Mzee Bullock. Verdell alikuja naye, lakini alibaki ndani ya gari.

Safari hii mzee hakumwambia aingie. Walizungumza mlango ukiwa nusu wazi.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi."

"Nimekuwa shemasi miaka hamsini. Nikiambiwa samehe, nasamehe, ndiyo kazi," mzee alisema. "Lakini mimi nilikuwapo kwenye maziko. Asiyekuwapo yuko nyuma anaosha lori."

Clifton alikuwa na ndoo na brashi ya mpini mrefu. Alikuwa mtu mkubwa, na maji yalikuwa yamemlowesha mpaka magotini. Alonzo alieleza yote bila kujipunguzia: tiketi, pai, uongo, simu ya siku ile. Clifton alisugua gurudumu mpaka Alonzo alipomaliza.

"Ilikuwa mechi nzuri?" aliuliza.

"Clifton..."

"Nakuuliza."

"Ilikuwa nzuri."

Clifton alimwaga maji ya ndoo. "Kila mtu ananiambia mazishi yalikuwa mazuri. Mazuri, mazuri. Hakuna anayeniambia kitu. Mama alikuwa anakusifu, unajua? Alisema ukipiga wewe hata asiye na sauti anaona anaweza kuimba." Alifunga bomba. "Funguo za kanisa umenyang'anywa?"

"Bado."

"Basi twende ukanipigie yote. Tangu alipoingia mpaka alipotoka."

Walikwenda na magari mawili. Kanisani kulikuwa na baridi kwa kuwa katikati ya wiki hawawashi joto. Clifton alikaa kiti cha mbele, pale ambapo angekaa Jumamosi, na Verdell akakaa nyuma karibu na mlango. Alonzo aliwasha kinanda, akangoja kipate moto, akapiga.

Alipiga wimbo wa kuingia kwa mwendo wa wanaume sita wanaobeba mzigo wa thamani. Alipiga muziki wa kuaga, akauacha uzunguke na kuzunguka. Kwenye wimbo wa kwaya, Verdell aliinuka bila kuombwa na kuimba beti zote nne kule nyuma, sauti ya chini peke yake, sauti isiyobeba wimbo wenyewe. Kisha wimbo wa kumtoa, ambao Alonzo aliuvuta mpaka dirisha la karibu likawa linatetemeka. Ilichukua karibu saa nzima. Hakuwahi kupiga vile, na alijua.

Clifton alipangusa uso kwa kofia yake. "Ndivyo alivyotolewa?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mtu mwenyewe alikuwa anaitaka ndiyo hiyo. Ukumbi mzima ulikuwa umemwambia yalikuwa mazuri. Alonzo alimtazama Verdell kule nyuma, naye hakumsaidia kwa lolote.

"Hapana," Alonzo alisema. "Jumamosi nilipiga haraka. Nilikata beti. Walitaka kukusubiri, wakaniangalia mimi, nami nikaanza kupiga."

Clifton aliinuka, na Alonzo alidhani anaondoka, au anakuja kumpiga, na kwa namna fulani alikuwa tayari kwa yote mawili.

"Piga kama ulivyopiga Jumamosi," Clifton alisema.

"Clifton, usinifanyizie hivyo."

"Nataka kujua mama yangu alizikwa vipi. Piga."

Alonzo alipiga. Wimbo wa kuingia ulipita mbio. Muziki wa kuaga ulichukua dakika chache. Wimbo wa kwaya ulikatwa baada ya ubeti wa pili, na safari hii Verdell hakuimba. Ulipofika wimbo wa kumtoa vidole vya Alonzo vilikosea mara mbili, mahali palepale vilipokosea Jumamosi, na mpaka wakati huo hakujua kwamba alikuwa amekosea. Kila kitu kiliisha upesi sana. Clifton alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi, mpaka mwisho.

Alitazama mahali palipokuwa na jeneza.

"Haya," alisema hatimaye. "Nimejua."

Kisha akarudi kwenye kiti cha mbele, akakaa, akaweka kofia gotini.

"Sasa rudia ile ya kwanza."